Barua kwa vijana wanaorusha ndege ndogo kutoka Kisongo

Wanangu,

Marahaba. Naitikia mapema kwa sababu nawajua: kila tukikutana pale kiwanjani shikamoo zenu hazikosekani, hata kwa yule mwenye mistari minne begani. Nimestaafu ufundi wa ndege, lakini masikio yangu bado yanaamka na injini ya kwanza ya asubuhi. Ndege ya saa moja hainisumbui. Ikipaa ya saa nane mchana, ikakawia kuinuka, moyo wangu hautulii mpaka mlio upotee upande wa Monduli.

Hiyo ya saa nane ndiyo imenikalisha niandike. Kiwanja chetu cha Arusha, hapa Kisongo, kiko karibu futi 4,550 juu ya usawa wa bahari. Kwa kipimo cha kawaida cha anga, joto la mwinuko huo ni nyuzi 6 hivi. Mchana wa Februari unaweza kukuta 28. Joto huifanya hewa iwe nyepesi, kama ya mlimani, na kila nyuzi ya ziada ni kama kuongeza futi 120. Pigeni hesabu wenyewe: ndege iko Kisongo, lakini injini na mabawa vinafanya kazi kana kwamba viko futi 7,200. Injini isiyo na turbo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, inapungukiwa pumzi, propela inakosa hewa ya kushika. Saa ya mwendo itakuonyesha namba ileile uliyoizoea, huku magurudumu yakikimbia zaidi ardhini na njia ikiisha mbele yako. Na hapo una lami. Kiwanja cha Seronera, kule Serengeti, ni juu zaidi, imepita futi 5,000, tena changarawe.

Ndiyo maana mgeni huambiwa aje na kilo 15 kwenye begi laini. Dereva akikuletea sanduku la kamera akasema ni dogo tu, liweke kwenye mizani mbele yake. Usilikadirie kwa mkono. Mkono wenye haraka hupima vibaya.

Sasa niwasimulie niliyoyaona. Masika moja, zamani, nilipelekwa kwenye kiwanja cha porini kwenda kunyanyua Cessna 206 iliyovunjika mguu wa mbele. Nilimkuta rubani amekaa juu ya dumu kwenye kivuli cha bawa, mzima, na abiria wake wazima, namshukuru Mungu. Propela ilikuwa imekunjika ncha zote tatu, kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Udongo mweusi wa mbuga ulikuwa umejaa kwenye magurudumu ya nyuma hata hayazunguki. Akaniambia, "Mzee, nilipita juu mara moja nikaona panang'aa. Nilijua ni maji. Lakini gari la wageni lilishafika, walikuwa wananipungia mikono."

Alijua! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Hakukosa ujuzi, wala jicho halikumdanganya. Na mwenye ndege aliyemgombeza siku ile kwa kutua, wiki chache nyuma alikuwa amemgombeza rubani mwingine kwa kurudi Arusha na abiria bila kutua. Kijana akisikia mwenzake anafokewa hadharani kwa kurudi, unadhani siku yake ikifika atarudi? Kwa hiyo nanyi wenye ndege na mameneja wa kambi, barua hii mnaisoma pia. Mafuta ya safari iliyoghairiwa yana bei, naijua. Mguu wa mbele nao nimewahi kuandika hati yake ya malipo, na ule ulikuwa mguu tu.

Tarehe 15 Novemba 2017 ndege iliyotoka KIA, uwanja wa Kilimanjaro, kuelekea Serengeti ilianguka Empakaai, kwenye milima ya Ngorongoro. Watu 11 walikufa. Wengi wenu mnapita jirani na pale kila wiki, kwa hiyo sihitaji kuwaeleza nyanda zile zilivyo: mlima Loolmalasin unakaribia futi 12,000, na wingu linaweza kukaa mabegani mwa milima siku nzima wakati Karatu kuna jua. Ninachowaomba ni kimoja. Kabla hujawasha injini, chagua mahali utakapogeuzia, mahali penye jina, na uliandike. Ukifika pale huoni mbele, geuka wakati bonde bado ni pana. Katika hewa nyepesi ndege inachora duara kubwa zaidi kuliko ulivyojifunzia pwani, na bonde halitakuongezea nafasi.

Kuna kaburi kwenye ukingo wa Ngorongoro, la Michael Grzimek. Alikuwa kijana kama ninyi, anahesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege iliyopakwa mistari ya pundamilia. Tarehe 10 Januari 1959 aligongana na tai mzoga angani, basi. Tai hupanda na joto la mchana. Sababu nyingine ya kuipenda saa moja asubuhi.

Madereva wa kambi, nanyi ni wanangu. Mnapofukuza swala, fagieni kiwanja mwanzo hadi mwisho, kisha msiondoke. Swala hurudi. Na ndege ikiwa angani msimpungie rubani mikono. Simameni kando, mmwache aamue.

Nakaa karibu na kiwanja, wazee wa hapo watawaonyesha. Atakayerudi na abiria wake wote kwa sababu ya wingu au matope, na ofisini wakamnunia, apite kwangu kabla hajaenda nyumbani. Mama atakuwa ameshabandika chai, na mimi nataka anieleze aligeuzia wapi na aliona nini.

Baba yenu,
fundi mstaafu, Kisongo