Daraja lililojazwa zege: msomaji mwenzangu kaeleza nusu ya habari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba madaraja ya mawe yaliyo juu ya njia za reli zilizokufa yazibwe kwa zege, barabara ipite juu, basi. Akamalizia kwa kusema Wazungu ndivyo wanavyofanya. Mimi niko huku huku kwa hao Wazungu, naendesha lori la vyakula vya mifugo kaskazini mwa Uingereza, na daraja lililofanyiwa hivyo nalifahamu. Kilichofuata baada ya zege hakukitaja.

Daraja lenyewe liko Great Musgrave, kijiji kidogo cha Cumbria chenye kondoo wengi kuliko watu. Ni tao moja la mawe linalobeba barabara nyembamba, na chini yake ilipita reli ya Eden Valley iliyofunguliwa mwaka 1862. Mhandisi wa reli hiyo alikuwa Thomas Bouch, yule yule ambaye daraja lake kubwa la mto Tay, kule Scotland, liliporomoka na treni ikiwa juu yake usiku wa tarehe 28 Desemba 1879. Hili dogo la kijijini limesimama mpaka leo. Treni za abiria zilikoma mwaka 1962, baadaye reli ikang'olewa, majani yakajiotea.

Mwaka 2021 wakala wa serikali unaosimamia barabara kuu, ambao ndio umekabidhiwa pia mabaki zaidi ya 3,000 ya reli za zamani, ukaleta kokoto na zege, tani zipatazo 1,600, ukashindilia chini ya tao. Nilipita siku zile. Ukiwa juu barabarani huoni kitu. Niliegesha, nikachungulia ukingoni: pale treni zilipokuwa zikipita pamekuwa mteremko wa kifusi, na juu yake kipande cha tao kimetokeza kama jicho la mtu aliyevimba uso.

Walisema ni usalama, magari mazito yangeliumiza daraja. Sasa hayo magari mazito ni sisi. Sikatai kwamba daraja kuukuu linahitaji kuangaliwa, lakini tao la mawe halifanyi kazi kama boriti. Mawe yake yamechongwa kama kabari. Uzito ukishuka juu yake yanazidi kubanana. Adui yake ni maji yanayolamba chokaa kwenye viungo, na mizizi. Dawa ya hayo ni fundi mwashi na chokaa, kazi ambayo mafundi wa nyumba za mawe za Unguja wanaijua vizuri kuliko mimi ninayeisimulia.

Tena kazi ile ilifanyika bila kibali cha kawaida. Walitumia kifungu cha dharura, ambacho kinakuruhusu kuanza mara moja, ila ndani ya miezi 12 uwe umepata kibali au umerudisha mahali palivyokuwa. Wakaomba kibali wakati zege limeshakauka. Pingamizi zilizotumwa zilizidi 900. Juni 2022 madiwani wa wilaya wakakataa. Mwaka 2023 mashine zikarudi kuchimba kile kile kilichomwagwa. Kuziba kuligharimu pauni 124,000 hivi. Kuzibua, zaidi ya pauni 300,000. Hesabu hiyo msomaji mwenzangu angeiweka kwenye barua yake.

Watu wa nje walidhani wanakijiji wanalilia urembo wa mawe. Urembo upo, lakini walichogombea hasa ni ule uwazi wa chini. Upande mmoja, Warcop, kuna wapenzi wa reli wanaojitolea kuendesha treni za zamani. Upande wa pili, Kirkby Stephen, kuna wengine. Ndoto yao ni kuunganisha njia siku moja, na daraja liko katikati. Ukilijaza zege, umewafungia njia wote wawili.

Ndoto za wazee wastaafu, utasema. Haya, turudi nyumbani. Treni ya abiria ya Arusha ililala takriban miaka 30. Watu walijenga, walilima, wengine walishaiita historia. Desemba 2019 treni ya abiria ikafika Moshi, Oktoba 2020 ikapiga honi Arusha. Je, kama miaka ile ya usingizi kila penye barabara juu ya reli pangekuwa pameshindiliwa zege kwa sababu "imekufa", nani angelipa gharama ya kuchimbua?

Kwa hiyo, Mhariri, atakayependekeza tena kuziba daraja lolote aulizwe kwanza: fundi mwashi ameshuka chini akaligonga kwa nyundo jiwe kwa jiwe? Ameandika nini? Kuweka alama ya ukomo wa tani pande zote mbili ni bei gani?

Nilipita tena baada ya kifusi kuondolewa. Nikashuka. Bado kuna ukungu wa kijivu wa saruji kwenye baadhi ya mawe, unaushika unachafua vidole, na kondoo wameshapafanya kibanda cha kukimbilia mvua. Msomaji mwenzangu akija huku nitampeleka aone. Aje na koti zito. Upepo wa chini ya tao lile hauna adabu.

Dereva wa lori,
Penrith, Uingereza