Barua ya wazi kwa mheshimiwa wa ufadhili wa masomo, Lamu: tangazo mmelibandika lini?

Mheshimiwa,

Assalaam alaykum, pamoja na heshima zote zinazostahili cheo chako.

Wiki iliyopita tangazo la ufadhili wa serikali ya Uturuki limebandikwa ubaoni nje ya ofisi yako. Lina muhuri, lina saini. Kasoro yake ni moja tu: maombi yalifungwa Februari 20, nalo limetoka Machi. Hongera kwa kazi.

Utasema maombi yako mtandaoni na ni bure. Kweli. Lakini ni nyinyi mliotwambia tusihangaike, tungoje ofisi itoe mwongozo na barua za mapendekezo. Tukangoja. Kutoka Faza, kisiwani Pate, kuja Amu, yaani mjini Lamu, kuulizia ni boti, na boti pale mlango wa bahari wa Mkanda hungoja maji yajae. Nauli yangu, kazi nimeiacha, nikifika karani ananambia mkubwa yuko semina.

Mwanangu anakaribia kutimiza miaka 21. Kwa shahada ya kwanza, ufadhili ule haumchukui aliyefika umri huo. Kwa hiyo, tafadhali, asiambiwe “mwakani inshallah”. Mwakani kwake haipo. Karo, malazi, posho ya kila mwezi, tiketi ya ndege, na mwaka wa kufundishwa Kituruki kabla ya kuingia darasani: vyote vimempita hivyo hivyo.

Siku ya Maulidi ulishika maikrofoni ukasema vijana wetu watakwenda nje wakaelewane na mataifa. Tulikupigia makofi. Kuelewana na mataifa sisi hatukuanza jana, mheshimiwa. Mwanachuoni Habib Swaleh alitoka Komoro akaja kusoma hapa hapa Amu, na msikiti na chuo cha Riyadha ni matunda yake. Mwaka 2005 binti wa Siyu alipata ufadhili wa kusoma China. Hata twiga wa Malindi alifika China mwaka 1415. Naona mnyama yule alipewa taarifa mapema kuliko mwanangu.

Mtaani wanasema majina hupangwa kwanza, tangazo likafuata. Ushahidi sina. Mimi nadhani karatasi hulala mezani mpaka wenye jamaa humo ndani washaiona. Kama sivyo, kanusha, tutasoma.

Siombi basari. Hata kuonana nawe siombi tena. Dirisha likifunguliwa Januari, tangazo liwe limefika Faza, Siyu, Pate na Kizingitini, mwezi ule ule. Bandikeni mapema, basi. Huyu ameshakosa, na mdogo wake yuko kidato cha tatu.

Mzazi,
Faza