Msiwasahau watu wa Milan

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu kuungana kwa Italia iliwataja waziri mkuu Cavour, jemadari Garibaldi na Mfalme Victor Emmanuel, ikaishia hapo. Watu wa Milan, mji wa kaskazini mwa Italia, hawakutajwa hata kwa mstari mmoja, na hilo limeniuma.

Mji wao ulikuwa chini ya Austria. Januari 1848 wenyeji waliacha kuvuta tumbaku, maana kodi yake ilikwenda kwenye hazina ya Austria. Hebu fikiria mvutaji wa miaka mingi anayejinyima kwa ajili ya nchi ambayo bado haijazaliwa! Askari wa Austria wakapita mitaani wakipuliza moshi makusudi, ugomvi ukazuka, watu wakauawa.

Machi 18 mji ukalipuka. Kwa siku tano watu walifunga njia kwa magari ya farasi, meza, vitanda, hata mabenchi ya kanisani. Kengele zililia mchana na usiku. Malango yakiwa mikononi mwa adui, walirusha maputo yenye matangazo ya kuwaomba msaada watu wa vijijini. Jemadari Radetzky wa Austria, mzee wa miaka 81, akaondoa jeshi lake.

Ni kweli alirudi Agosti, baada ya kumshinda kule Custoza mfalme wa Piedmont, dola jirani ya Kiitaliano iliyokuja kuwasaidia watu wa Milan. Hata hivyo, bila mafundi na vibarua waliokufa kwenye vizuizi vile, Cavour angejenga juu ya nini?

Nafundisha historia kidato cha sita, na wanafunzi wangu husoma gazeti lenu. Naomba mwaandikie habari za watu hawa.

Mwalimu,
Morogoro