Kinasa sauti kimefika

Isevya, Tabora
Jumapili jioni

Baba Rehema, swahiba yangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Hatujambo wote, na Mama Zawadi anasema ile migebuka mikavu mliyotutumia haikumaliza siku mbili. Mfikishie shemeji shukrani zetu.

Kile kinasa sauti nilichokusimulia tangu mwaka jana kimefika. Mpwa wangu alikinunua Kariakoo, akakiviringisha kwenye taulo ndani ya boksi la viatu, kikaja na basi. Ni kidogo, Baba Rehema! Kinaingia mfuko wa shati. Kichwani kina maikrofoni mbili zilizopishana kama mkasi uliofunguliwa, moja inatazama kushoto na nyingine kulia, na hapo ndipo sauti ya pande mbili inapotoka. Mbele kuna kitufe kimoja chekundu na gurudumu lenye namba 0 hadi 10 la kupunguza na kuongeza. Kinatumia betri mbili za rimoti na kadi ya memori kama ya simu. Ukiusikia uzito wake mkononi huwezi kuamini kwamba kinabeba bendi nzima.

Jana usiku nilikwenda nacho kwenye ile bendi ya wazee inayopiga Jumamosi chini ya miembe. Niliomba ruhusa kwanza kwa kiongozi wa bendi, halafu kwa fundi mitambo. Fundi aliniambia kwa moyo mweupe, "Nikupe waya kutoka kwenye mikseri, utapata sauti safi." Nilishukuru nikakataa. Kwenye mikseri yao, ile mashine ya kuchanganya sauti, zinapita sauti za waimbaji tu. Drams zinajipigia zenyewe, magitaa yanatoka kwenye spika zao huko nyuma. Ningechukua ule waya ningerudi nyumbani na waimbaji wasio na bendi.

Basi nikakiweka mezani, meza ya mbele kabisa, kama tulivyokuwa tukifanya na redio kaseti yako. Hapo nilikosea. Wimbo wa kwanza wote umeharibika. Kila mtu aliyeweka chupa mezani amesikika kama anagonga mlango, na spika iliyokuwa karibu imelifunika gitaa la solo kabisa. Tena nilikuwa nimewasha ile sehemu ya kujipangia sauti chenyewe, nikidhani inanisaidia. Usiiguse kamwe kwenye muziki. Drams zikigonga, kinashusha kila kitu kwa woga; zikitulia, kinapandisha tena, na unamsikia mwimbaji akizama na kuibuka kama mtumbwi kwenye mawimbi ya Kibirizi.

Jambo lililonishughulisha zaidi ni kiwango cha sauti, na hapa inabidi tusahau tulichokizoea. Unakumbuka tulivyokuwa tukiusukuma mshale hadi kwenye nyekundu? Mkanda wa kaseti ulikuwa mvumilivu. Sauti ilinenepa kidogo, ikapata joto, na sisi tukafurahi. Hiki hakivumilii hata kidogo. Kipimo chake kinaishia sifuri, na sauti ikitaka kupita hapo, kilele chake kinakatwa kama kwa panga. Kilichokatwa hakirudi, hata umpelekee fundi gani. Kwa hiyo nimejifunza kukaa chini: nasubiri bendi ifike kwenye sebene, pale wote wanapopiga kwa nguvu, naangalia kipimo, nashusha gurudumu mpaka vilele vinacheza kwenye desibeli 12 chini ya sifuri. Halafu sigusi tena. Ukisikiliza nyumbani utaona sauti ni ndogo, usitishike, unaipandisha baadaye kwenye kompyuta bila hasara ya maana, maana kinarekodi kwa biti 24, yaani hata sauti ndogo kinaihifadhi vizuri. Siku hizi vipo vinavyorekodi kwa biti 32 za namna nyingine, ambavyo hata ukikosea kiwango unaweza kurekebisha baadaye. Changu si cha aina hiyo, na mimi nimeridhika.

Wimbo wa pili ulipoanza nilikwenda jikoni nikaomba mpini wa ufagio. Nikakifunga juu yake kwa kipande cha mpira wa baiskeli, mpini nikaufunga kwenye shina la mwembe, hatua kama kumi kutoka jukwaani, juu ya vichwa vya watu. Ule mpira ndio ulioniokoa: ukikishika kwa mkono, hata kidole kikitelezea ubavuni kinasikika kama mtu anakwangua ukuta. Kule kwenye mti hakikuguswa na mtu, na soksi ya sponji ilizuia upepo.

Leo alfajiri nimekaa uani na hedifoni. Saa mbili na nusu za muziki, faili zenye uzito wa gigabaiti mbili na nusu hivi, na sikugeuza upande hata mara moja. Kaseti zetu za dakika 60, unakumbuka, dakika 30 kila upande, na upande uliisha kila mara sebene linapoanza kuchanganya. Nina hakika nusu ya raha ya muziki wa mji huu imepotelea kwenye zile sekunde za kufungua mlango wa redio.

Kuna mahali, kama saa moja ndani, yule mzee wa gitaa la ridhim anabaki peke yake, wenzake wamenyamaza. Kushoto unasikia mguu wake ukipiga sakafu ya mbao. Kulia, mbali, mwanamke anamwita mwenzake aje acheze. Halafu treni inapiga honi kule stesheni, ndefu, na yeye anaingiza nyuzi zake juu ya ile honi kama vile walipanga. Nimerudia hapo mara nne. Redio kaseti isingeweza kunipa hayo. Ingenipa mchanganyiko mmoja wa makelele.

Nimekuwa nikifikiri sana kuhusu jambo hili. Mwaka 1950 Hugh Tracey, yule mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alizunguka Tanganyika akirekodi muziki wa watu. Alikuwa na gari na jenereta, na jenereta ilibidi iwekwe mbali ili mngurumo wake usiingie kwenye rekodi. Baadaye bendi za hapa, Kiko Kids, Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata, Nyanyembe Jazz, aliyetaka kurekodi vizuri alisafiri hadi miji ya mbali kama Dar es Salaam, kwenye studio za RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam. Tunashukuru kwamba mikanda ile ipo. Lakini ni muziki wa studio, nyimbo zilizopimwa muda. Usiku wenyewe wa Tabora, wimbo ukivutwa dakika ishirini kwa sababu watu wamekataa kukaa, ni nani aliyeunasa? Na leo mimi nimeunasa kwa betri mbili za rimoti.

Mchana nilimpelekea yule mzee. Nilimvalisha hedifoni, akafumba macho. Vidole vya mkono wa kushoto vilianza kutembea gotini, vikishika kodi za gitaa zile zile. Kipande kilipoisha alisema, "Pale kwenye treni nilikosea kidogo," akaomba nimrudishie. Ana miaka sabini na kitu, na Jumamosi ijayo anataka nikisogeze hatua mbili upande wake.

Sasa ombi langu. Ile kaseti ya harusi ya kaka yako, ambamo marehemu mzee wako anapiga gitaa, bado iko sandukuni? Kinasa hiki kina tundu la waya pembeni, naweza kuihamisha yote. Tafadhali usiijaribu kwenye redio yoyote huko Ujiji, ukiliwa mkanda hatuna mwingine. Ifunge kwa nailoni, umpe mtu unayemwamini anayekuja na treni, na mwambie asiiweke karibu na spika wala kitu chochote chenye sumaku. Redio ya kuichezea ninayo. Fundi wa Kanyenye anaibadilishia mipira ya ndani na ameahidi kumaliza Alhamisi.

Wasalaam,
Baba Zawadi