Mabanio ya Usangu yafungwe kiangazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa maji ya Mto Ruaha Mkuu, ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka karibu kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Lawama huwaangukia wafugaji na wakulima wa Mbarali, huko bonde la Usangu juu ya hifadhi, utadhani sisi wa mjini tunaotumia umeme wa mabwawa ya Mtera na Kidatu, yaliyo kwenye mto huo huo, hatumo.

Kwa maoni yangu kosa si mpunga wenyewe, unaokua wakati wa mvua. Kosa ni mifereji ya kumwagilia inayochepusha maji ya mto, ambayo mabanio yake, yaani milango ya kuingizia maji, huachwa wazi baada ya mavuno. Oktoba iliyopita nilipita huko: mashamba ni mabua matupu, lakini mfereji unatiririka, akina mama wanafua, vijana wanafyatua matofali, na maji mengine yanaishia kwenye magugu. Huko chini hifadhini, viboko wamebanana kwenye dimbwi la matope. Lakini nani atamlaumu mama anayechota ndoo mbili mferejini, naye hana kisima?

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatanguliza matumizi ya nyumbani, kisha mazingira, ndipo uzalishaji. Basi serikali ichimbe kwanza visima katika vijiji hivyo. Visima vikishatoa maji, Bodi ya Maji Bonde la Rufiji na jumuiya za watumiaji maji wafunge mabanio mavuno yanapokwisha hadi mvua zirudi, na funguo zikae kwa jumuiya, si kwa mwenye shamba kubwa.

Msomaji wenu,
Iringa