Safari ya Sipi: thibitisheni leo

Habari zenu wapendwa. Jumamosi hii tunakwenda kwenye maporomoko ya maji ya Sipi, mashariki mwa Uganda. Tunaondoka Nakawa, Kampala, mbele ya soko, saa 11 alfajiri. Njia ya Jinja na Mbale ni ndefu, nasi tufike mchana.

1. Mchango: shilingi 150,000 kwa mweka hazina, mwisho Jumatano jioni.
2. Sweta, na viatu visivyoteleza. Chini ya poromoko kubwa, la karibu mita 100, manyunyu hulowesha njia nzima.

Jumapili asubuhi wenyeji wetu Wasabiny watatuonyesha kahawa yao: kuitwanga kwenye kinu, kuikaanga juu ya kuni, kisha kuinywa palepale. Hapo naomba asikosekane mtu, hata wasiopenda kupanda milima.

Andika "Nipo" hapa kabla ya saa 3 usiku, nimjibu mwenye basi.