Mabango yetu yamerudi na pauni, timu na onyo

Maktaba ya Mji,
Connecticut, Marekani.
14 Aprili 2025

Meneja,
Kampuni ya Tafsiri na Uchapaji,
Dar es Salaam, Tanzania.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU TAFSIRI YA MABANGO SITA YA MAONESHO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni msaidizi wa maktaba katika mji mdogo wa jimbo la Connecticut, na ndiye niliyeleta kazi hii ofisini kwako mwezi wa Januari. Barua pepe zangu tatu zimejibiwa kwa maneno yaleyale, "tumepokea, tunalifanyia kazi". Kwa hiyo naandika barua kamili, tena kwa Kiswahili, kwa kuwa hicho ndicho tulicholipia.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Yalikuwa mabango sita kuhusu jinsi mji huu ulivyoendesha mambo yake kati ya 1900 na 1920, magari ya injini yalipoanza kuingia kwenye barabara za vumbi. Maandishi yalitolewa kwenye taarifa za mwaka za mji, vile vijitabu ambavyo kila senti iliyotumika huandikwa humo na kila mlipa kodi husoma. Siku hizi zipo hapa familia za Wakongo, Warundi, Wakenya na sisi wa Tanzania, na mkuu wa maktaba alitaka nao wajue mji wao wa sasa ulikotoka. Mimi ndiye niliyemwambia tusihangaike na makampuni ya hapa, kuna watu wa nyumbani, Kiswahili hakitawashinda. Neno hilo limenirudi.

Nianze na ng'ombe. Miji ya New England, yaani eneo la kaskazini-mashariki mwa Marekani ambamo Connecticut imo, ilikuwa na zizi la umma. Mnyama akikutwa anazurura barabarani au kwenye shamba la mtu, anakamatwa na kufungiwa humo mpaka mwenyewe aje alipe faini na gharama za malisho. Msimamizi wa zizi alikuwa ofisa wa mji kabisa. Sasa, neno la Kiingereza la zizi hilo, "pound", linaandikwa sawasawa na lile la fedha ya Uingereza, basi mfasiri wako akaandika "Mtunza Pauni". Bango la pili linasomeka hivi: "Ng'ombe watatu walipelekwa kwa Mtunza Pauni." Hakujiuliza ng'ombe wanakwenda kufanya nini kwa mtunza fedha, wala pauni imefikaje kwenye nchi inayotumia dola tangu karne ya 18. Kwetu Handeni mtoto wa darasa la pili anajua ng'ombe waliokula mahindi ya watu hupelekwa wapi.

Kwenye bango hilohilo kuna hesabu za barabara. Kabla ya magari, na hata yalipoanza kuja, mji haukuwa na mitambo ya kujivunia. Ukarabati ulifanywa na wakulima wenyewe kwa wanyama wao, na mji uliwalipa kwa siku: mtu peke yake bei yake, na mtu aliyekuja na farasi wawili na gari la kubebea kokoto bei ya juu zaidi. Farasi hao wawili wakishafungwa pamoja kwenye gari lao, kwa Kiingereza huitwa kwa neno ambalo sisi tumelichukua kwa mpira. Umeshajua. "Mtu na timu yake, siku nne." Mzee mmoja wa Uvira alisimama mbele ya bango hilo siku ya ufunguzi, akasoma mara mbili, akaniuliza kwa upole, "Na hii timu, mama, ilikuwa inacheza na nani?"

Nilicheka naye. Baadaye nilikwenda stoo nikakaa kidogo.

Kwa sababu mkuu wa maktaba, ambaye hajui hata "jambo" vizuri, alikuwa amesimama pale mlangoni anatabasamu, anafurahi kuona watu wanasoma na kuchangamka. Alidhani wanafurahia historia. Nimwambie nini?

Lakini lililonikera kuliko yote ni bango la kwanza, ambalo mgeni hukutana nalo akiingia tu. Katika miji hii, tangu zamani mpaka leo, chombo kikuu cha uamuzi ni mkutano wa mji. Wapiga kura hukaa ukumbini, wakabishana na kupiga kura juu ya bajeti, barabara na shule. Mkutano hauwi halali mpaka tangazo lake litolewe mapema, likiorodhesha yatakayoamuliwa. Connecticut tangazo hilo lina jina lake la kisheria, jina la kizamani ambalo kwa Kiingereza cha kawaida huwa na maana ya tahadhari. Mfasiri wako hakusita. Akaandika kwa herufi kubwa nyekundu (wekundu huo nao sikuuomba): ONYO LA MKUTANO WA MJI. Mama mmoja wa Bukavu alimshika mwanawe mkono akaniuliza kama kuna hatari humo ndani. Kuna watu, Ndugu Meneja, waliofika nchi hii kwa kukimbia mikutano iliyotangazwa kwa onyo. "Wito wa Mkutano" au "Tangazo la Mkutano" lingetosha kabisa. Baba yangu alikuwa karani wa halmashauri kule Korogwe, na matangazo ya vikao aliyabandika kwenye mwembe kwa miaka mingi. Hakuna hata moja lililomtisha mtu.

Maofisa wengine sitawachambua mmoja mmoja. Wale watu watatu wanaochaguliwa kuendesha mji, wanaosaini malipo na kusimamia barabara na misaada kwa maskini, wameitwa "Wateule Watatu" kama mitume. Ofisa wa miti, ambaye kazi yake ni kulinda miti ya kando ya barabara isikatwe ovyo, amekuwa "Askari Magereza wa Miti", kwa kuwa jina la cheo chake, "warden", hutumika pia magerezani. Wasuluhishi wa ugomvi wa mipaka na uzio kati ya majirani wamegeuzwa "Watazamaji wa Uzio", utadhani ni watu waliokosa kazi. Na daftari la kodi ya mali, ambalo hesabu zake hufungwa kila tarehe 1 Oktoba, limepewa jina la "Orodha Tukufu". Kodi haijawahi kuwa tukufu popote ninapopajua.

Hayo yanachekesha. Bango la tatu halichekeshi, kwa sababu linapotosha sheria.

Connecticut ilikuwa jimbo la kwanza Marekani kutunga sheria ya mwendo wa magari, tarehe 21 Mei 1901. Kiwango kilikuwa maili 12 kwa saa mjini na maili 15 nje ya mji, yaani kama kilomita 19 na kilomita 24. Ninyi mmeandika "kilomita 12" na "kilomita 15". Mmebadilisha jina la kipimo na kuiacha namba palepale. Kwa kilomita 12 gari lingepitwa na kijana wa baiskeli anayeteremka kutoka Lushoto na magunia mawili ya mkaa. Halafu sheria hiyo ilisema dereva akikutana na farasi apunguze mwendo, na ikibidi asimame kabisa ili asimtishe mnyama. Bango lenu linasema: "Farasi asimame ikiwa dereva ameogopa." Sheria imesimama kichwa chini miguu juu. Na kipengele hicho ndicho moyo wa maonesho yote, maana kinaonyesha barabara ilikuwa mali ya nani mwaka ule. Mwenye farasi ndiye aliyekuwa mwenyeji, na gari lilikuwa mgeni asiye na adabu.

Ugomvi wa vumbi nao umeharibiwa. Barabara za kokoto zilizoshindiliwa zilidumu chini ya magurudumu ya chuma ya magari ya farasi, kwa kuwa yalizidi kuzikandamiza. Matairi ya mpira yaendayo kasi yakawa yanafyonza ule unga unaoshikanisha mawe na kuurusha hewani, juu ya nguo zilizoanikwa na mboga za watu. Miji ikaanza kununua mafuta mazito ya kumwaga barabarani ili kutuliza vumbi, na mkulima asiye na gari akauliza kwa nini alipe yeye. Mfasiri wako ameandika tu "mafuta ya barabara yalinunuliwa", kana kwamba ni mafuta ya taa ya kuwashia. Aya nzima ya sababu imerukwa. Nimehesabu, sentensi tano hazipo.

Na hilo gari lenyewe, mwanzoni watu waliliita gari la abiria lisilo na farasi. Kwenu limekuwa "behewa lisilo na farasi". Behewa ni la treni. Hartford, mji mkuu wa jimbo hili, kampuni ya Pope iliyotamba kwa baiskeli ilikuwa inatengeneza magari ya umeme tangu 1897, nasi tulikuwa na picha nzuri ya gari hilo. Chini yake sasa kuna maelezo ya reli.

Maneno pekee yaliyotoka salama ni ya kisanduku kidogo kwenye bango la sita, kwa sababu niliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili na ninyi mlipaswa kuyachapa tu. Ni habari ya Paul Graetz, Mjerumani aliyeondoka Dar es Salaam kwa gari tarehe 10 Agosti 1907 na kufika Swakopmund, pwani ya Namibia ya sasa, tarehe 1 Mei 1909. Nilitaka wasomaji wetu waone kuwa miaka ileile watu wa hapa wakibishana juu ya vumbi, huko kwetu nako gari lilikuwa linatafuta njia pasipo barabara kabisa. Wengi walisimama hapo muda mrefu. Nashukuru hamkukigusa.

Mkataba wetu, kifungu cha pili, unasema kazi itafanywa na mfasiri na kupitiwa na mhariri. Sioni alama ya mkono wa hata mmoja wao. Hii ni kazi ya mashine iliyopakwa rangi na kuchapwa, na kama nakosea, nitajieni nani aliyeihariri. Nakala ya kuhakiki niliyoiomba mara mbili kabla ya uchapaji haikuletwa. Ilikuja mizigo yenyewe, na ankara juu yake.

Ninachoomba ni hiki. Mabango yote sita yatafsiriwe upya na mtu anayejua shughuli za serikali za mitaa, hata awe mtendaji wa kata mstaafu, nami niletewe nakala ya kuhakiki kabla ya tarehe 30 Aprili. Uchapaji na usafirishaji wa mara ya pili viwe juu yenu. Nusu ya malipo iliyobaki haitatumwa mpaka hapo, na mweka hazina wa mji ameshaarifiwa. Ikiwa hamuwezi, mrudishe nusu tuliyotanguliza, tutafute mtu mwingine. Maonesho yanatakiwa kuwa tayari kabla ya mkutano wa bajeti mwezi wa Mei, ambapo ukumbi hujaa.

Kwa sasa bango la kwanza nimeligeuza, linatazama ukuta. La tatu nimelifunika kwa khanga yangu, na watu wanauliza kama nayo ni sehemu ya maonesho.

Nasubiri jibu lako kwa maandishi.

Wako katika kazi,

Msaidizi wa Maktaba

Nakala: Mkuu wa Maktaba, Mweka Hazina wa Mji